Nani Kasema Safari Lazima Iwe na Sababu?

Kuna neno ambalo ukilisema hapa Butembo, mashariki mwa Kongo, hata mbele ya wazee, hakuna atakayekupinga: mume na mke kusafiri ili kuona miji tu ni mambo ya Wazungu. Wao wanapanda treni Florence asubuhi, wanashuka Pisa, wanapiga picha kando ya mnara ulioinama, wanakula, wanapanda tena kwenda Lucca, na usiku wamelala hotelini. Sisi tunasafiri kwa sababu. Tunaenda Beni kwa msiba, Kasindi kwa mzigo, Kampala kwa matibabu, Dubai na Guangzhou kwa bidhaa. Mtu akimpandisha mke wake gari ili wakaangalie mto na mlima, majirani watauliza kama ameokota pesa au ameanza kuchanganyikiwa.

Maoni haya yana sura ya busara ya wachapakazi, na uchapakazi ndio fahari ya mji wetu. Lakini ukiyachambua unakuta yameegemea mambo manne: kwamba hatuna reli, kwamba si desturi yetu, kwamba hatuna pesa, na kwamba tuko vitani. Matatu ya kwanza hayasimami. La nne ni zito, na ndilo nitakalokaa nalo zaidi, kwa sababu naona linathibitisha kinyume cha kile wanachotaka lithibitishe.

Tuanze na reli. Ni kweli reli mbili zilielekea upande wetu zikaishia njiani. Ile ya Uganda ilifika Kasese mwaka 1956 ikifuata shaba ya Kilembe, na hakuna kituo cha treni kilichowahi kuwa karibu na Beni kuliko hicho. Treni za abiria zilikoma kufika huko miaka ya 1990. Ile nyembamba ya kaskazini mwa Kongo iliishia Mungbere, kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Hakuna hata moja iliyovuka mto Semuliki. Ila treni haikubuniwa kwa ajili ya wapenzi. Reli ya kwanza ya Italia, ya mwaka 1839, haikufika kilomita 8: ilitoka Napoli hadi Portici, ambako mfalme alikuwa na jumba lake. Kinachoifaidisha Toskana, mkoa wa Florence na Pisa, leo ni kwamba miji yake iko karibu karibu na haifanani, na anayetoka asubuhi ana uhakika wa kula, kulala na kurudi. Florence hadi Pisa ni kilomita 80 hivi. Beni hadi Kasindi ni 80. Butembo hadi Beni ni 54. Umbali huu wa kwetu umeandikwa katika mradi wa barabara ambao marais Museveni wa Uganda na Tshisekedi wa Kongo waliuzindua Mpondwe, mpakani, tarehe 16 Juni 2021. Kwa hiyo kipimo tunacho, tena ni kilekile.

Na miji yetu inatofautiana kuliko miji mingi ya Ulaya. Butembo, juu ya mita 1,700, asubuhi mama anayeuza mandazi amejifunga kitenge juu ya sweta, na moshi wa mikaratusi umetanda bondeni. Malori ya viazi na kabichi kutoka upande wa Lubero yanapanda polepole, na kijana anasukuma chukudu iliyojaa mbao. Teremka kaskazini kupitia Maboya na Kabasha. Kabla hujafika Beni umeshavua koti. Migomba imekuwa mikubwa, michikichi imeanza, na kando ya barabara kakao imetandazwa juu ya maturubai, na harufu yake kali ya kuchacha inaingia garini hata ukifunga kioo. Umeshuka zaidi ya mita 500 bila kuvuka mpaka wowote. Ukiendelea mashariki kwa barabara ya taifa nambari 4 unaingia bonde la Semuliki, joto linakupiga usoni, unapita ardhi ya Hifadhi ya Virunga, na mawingu yakifunguka unaona barafu ya milima ya Rwenzori, karibu kabisa na ikweta.

Barafu hiyo ndiyo inayonichekesha zaidi ninapoambiwa kwamba Italia ndiko kuna vya kuona. Mwaka 1906 mwana wa kifalme wa Italia, Luigi Amedeo, mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi, alipanda meli Napoli hadi Mombasa, akapanda treni hadi Kisumu, ambayo siku hizo iliitwa Port Florence, akavuka ziwa hadi Entebbe, kisha akatembea kwa miguu hadi Rwenzori. Alikuja na wapagazi wengi na mpiga picha hodari, Vittorio Sella. Mwezi wa Juni alifika kileleni, mita 5,109, akakipa jina la malkia mama wa nchi yake, Margherita. Kilele cha mlima wa tatu kwa urefu barani Afrika, kilicho mpakani mwa Kongo na Uganda, kina jina la Kiitalia mpaka leo. Basi Mwitalia alipanda treni kuja kuona cha kwetu zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Sisi tunaokaa mwendo wa nusu siku kutoka hapo tunasema hakuna cha kuangalia.

Ukiacha barabara kuu na kupanda Mutwanga, chini kabisa ya mlima, unakuta mji mdogo unaowashwa na umeme wa maji ya Rwenzori, kwa mtambo ulioanza kazi mwaka 2013. Unakuta kiwanda cha chokoleti kinachotumia kakao ileile uliyoinusa njiani. Kutoka hapo njia ya kupanda mlima kwa upande wa Kongo inaanza, na wale waliowahi kuipanda wanakutajia vituo vyake: Kalonge, Mahangu, Kiondo. Kusini, pale Semuliki inapotoka Ziwa Edward, kuna Ishango. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua hapo mfupa mdogo wenye mikwaruzo iliyopangwa kwa mafungu, unaokadiriwa kuwa na umri wa miaka 20,000 hivi, na wataalamu wanaujadili hadi leo kama ushahidi wa kale wa watu kuhesabu. Mfupa uko kwenye jumba la makumbusho Brussels. Mtoto wa shule wa Brussels anaweza kwenda kuuona Jumatano mchana. Mwalimu wa hesabu wa Butembo anaweza kustaafu bila kupaona mahali ulipotoka.

Hapo wanakuja na hoja ya pili: hata kama vitu vipo, kutembea bila shughuli si desturi yetu. Kwetu Wayira, watu wa Butembo na Beni, wanasema, mtu hatembei ila anafuata kitu. Mimi nauliza desturi hiyo ni ya lini. Babu zetu walivuka Semuliki kufuata chumvi ya Katwe, Uganda ya leo, ni kweli, na chumvi ni biashara. Lakini walikuwa na ndugu ng'ambo, wale ambao leo wanaitwa Wakonzo kwa sababu mpaka ulichorwa katikati yetu, na mtu alikwenda kukaa kwa ndugu mwezi mzima, akila, akizungumza, akiangalia mashamba ya wenzake. Hakuna aliyemwuliza amefuata nini. Aliyeanza kuuliza ni utawala wa Kibelgiji. Chini ya sheria zake, mwenyeji aliyetaka kuondoka eneo la chifu wake kwa zaidi ya siku 30 alihitaji karatasi ya ruhusa, na karatasi haikutolewa bure: ilitaka sababu. Wakati huohuo Mutwanga ilikuwa na hoteli ya watalii, na hifadhi, iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Mfalme Albert, ilikuwa na wageni wake. Mzungu alitembea kuona, mwenyeji alitembea kwa ruhusa. Watu wa vizazi viwili wakalelewa hivyo, halafu wajukuu wao wakaja kuita zoea hilo mila ya mababu.

Na karatasi ile haijafa. Simama kwenye bariere yoyote kati ya Butembo na Beni uangalie. Kamba imefungwa kwenye mti upande huu na kwenye jiwe upande ule. Gari inasimama, abiria wanashuka, wanapita kwa miguu mmoja mmoja huku wameshika kadi ya uchaguzi. Mwenye mzigo wa vitenge anaulizwa anapeleka wapi, anajibu, anapita. Mama mwenye khanga ya msiba haulizwi kitu. Wanafika mume na mke, wamevaa vizuri, begi moja dogo.

"Munaenda wapi?"

"Beni, mukubwa."

"Kufanya nini?"

"Kutembea tu."

Hapo kadi zinageuzwa mara mbili. Begi linafunguliwa. Mwenzake aliyekaa kwenye kiti anaitwa aje asikie. Kwa masikio ya bariere, hilo halijawa jibu; mume akigundua hivyo anaongeza haraka kwamba kuna shemeji mgonjwa, na kamba inashushwa. Mtu mwenye akili anajifunza kutoka nyumbani na shemeji mgonjwa tayari mdomoni. Ndivyo tunavyozoea kuona aibu kwa jambo ambalo halina aibu.

Tuje kwenye pesa, na hapa nitasema wazi kwa sababu tunajuana. Maskini wetu ni wengi, na mtu anayehangaika na ada ya shule simwambii chochote. Nazungumza na wale wanaosema hawana huku wanazo. Angalia arusi moja ya kawaida ya mjini. Kamati inakutana wiki baada ya wiki. Michango inaandikwa daftarini kwa dola. Siku yenyewe magari yanapangwa mstari, yanazunguka mji yakipiga honi, mpiga video amesimama nje ya dirisha la gari la mbele, kisha maarusi wanapelekwa bustanini kwa picha. Watu mia kadhaa wanakula. Jumatatu bwana anarudi dukani, bibi anarudi jikoni, na hao wawili huenda wasisafiri pamoja tena mpaka siku ya kuzika mzazi. Tunalipa ili tuonwe, na hatulipi ili tuone. Sehemu ndogo ya mafuta ya msafara ule ingewapeleka maarusi Beni na kuwalaza usiku mbili.

Wafanyabiashara watasema: wote wawili tukiondoka, duka atabaki nalo nani? Swali zuri, lakini msiba unalijibu kila mara. Simu ikilia kwamba mjomba amefariki Oicha, duka linafungwa, au linaachiwa mdogo wa bwana, siku tatu, hata wiki, na biashara haifi. Tunajua namna ya kufunga duka. Tumeamua tu kwamba kifo ndicho chenye haki ya kutufungisha.

Isitoshe, pesa ya mtembezi inabaki njiani kuliko pesa ya mwenye mzigo. Mwenye mzigo wa Kasindi analala juu ya marobota yake, anakula ndizi ya kuchoma, na faida yake inahesabiwa Butembo. Wanaokwenda kuona wanahitaji kitanda, samaki, mtu wa kuwaonyesha njia, na kahawa ya kuchukua nyumbani. Kijana wa Mutwanga anayejua njia ya mlimani ana ujuzi ambao lori haliununui.

Sasa vita. Sitaki kuipunguza hoja hii, kwa hiyo niiseme yote. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia kuzunguka Beni hayajaisha. Mei 2021 serikali ilitangaza hali ya kuzingirwa, Kivu Kaskazini na Ituri zikawekwa chini ya wanajeshi. Mwaka huohuo magari ya Beni–Kasindi yakaanza kwenda kwa msafara wenye ulinzi, na mwishoni mwa Novemba jeshi la Uganda likaingia kwa operesheni Shujaa. Oktoba 2022, Maboya, mji mdogo nilioutaja hapo juu, ulivamiwa na hospitali yake ikachomwa. Januari 2023 bomu lililipuka kanisani Kasindi watu wakiwa kwenye ibada. Na tarehe 17 Oktoba 2023, ng'ambo ya mpaka, ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, waasi wa ADF waliwaua mume na mke waliooana karibuni, Mwingereza na mwenzake wa Afrika Kusini, waliokuwa kwenye fungate, pamoja na Mganda aliyekuwa akiwaongoza. Hao walikuwa wametoka kuona, hasa. Upande wa kusini, Kanyabayonga ilichukuliwa na waasi wa M23 Juni 2024, na Goma Januari 2025. Mtu akiniambia mbele ya haya yote kwamba matembezi yasubiri, najua anasema nini.

Lakini tazama anavyoishi yeye mwenyewe. Asubuhi hiyohiyo anayosema barabara si salama kwa matembezi, ametuma gari yake Kasindi, na ndani yake kuna dereva, turniboi na wanawake wanne wenye mizigo. Risasi ya porini haisomi sababu ya safari. Waliokufa kwenye barabara zetu, wengi wao walikuwa kwenye safari za lazima kabisa: wakulima, wachuuzi, wauguzi, wanafunzi. Kama barabara ni mbaya, ni mbaya kwa shemeji mgonjwa na kwa robota la nguo pia. Tunapomkataza anayetembea na kumruhusu anayefanya biashara, hatupimi hatari. Tunapima thamani ya mtu, na tumekwisha kuamua kwamba akiwa na mzigo anastahili kuhatarisha maisha, ila akiwa na mke wake hastahili kulindwa.

Uamuzi huo una madhara yake. Serikali na jeshi vinapotaka kuonyesha kwamba usalama umerudi, vinahesabu malori: mangapi yamevuka Kasindi, msafara umepita bila tukio, ushuru umepanda. Sisi tunakubali hesabu hiyo kwa sababu wenyewe tumezoea kuhesabu hivyo. Lakini lori hupita hata palipo na vita. Mfanyabiashara wa Butembo alipita wakati wa waasi wa miaka ya 1998 hadi 2003, akalipa kila upande, akafika. Kupita kwa bidhaa kunaonyesha kwamba faida ni kubwa kuliko hofu. Anayetembea bila haja yoyote hana faida ya kuweka kwenye mizani. Anatoka siku hofu imekwisha kweli, na anabaki nyumbani siku imerudi. Ukitaka kujua barabara imepona, waangalie wale ambao hawakulazimika kuipita.

Kwa hiyo simwambii mtu yeyote ampeleke mke wake mahali ambapo wiki iliyopita watu wameuawa. Asikilize wenyeji, redio na madereva, na akiambiwa njia imefunga, imefunga. Kama ni hivyo, waanze na mji wenyewe: wapande kilima ambacho wamekiona dirishani tangu utotoni, wakae juu wauangalie mji mzima kwa saa moja, mke na mume, bila watoto na bila simu ya wateja. Siku ambazo njia ya Beni ni nzuri, waende Beni walale. Mikutano ya wanandoa ya parokia, katika dayosisi yetu ya Butembo-Beni, inaweza kufanya kimoja cha vikao vyake kiwe safari badala ya semina nyingine ya ukumbini. Wenye magari ya abiria wanaweza kuuza tikiti ya kwenda na kurudi kwa watu wawili, jambo ambalo treni za Ulaya zimefanya kwa muda mrefu na halihitaji reli hata kidogo.

Na wale wanaoandika ripoti za usalama waongeze swali moja katika karatasi zao. Pamoja na idadi ya malori, waulize hoteli ndogo za Beni na Mutwanga ni wanandoa wangapi wa hapahapa, wasio na mkutano wala mzigo wala msiba, waliolala kwao mwezi huu. Jibu likiwa hakuna, wasituambie kwamba barabara imefunguliwa. Wanaosema "kwanza amani, matembezi baadaye" wameweka kwenye foleni vitu viwili ambavyo ni kimoja. Haki ya mume na mke kutoka Butembo asubuhi na kurudi kesho yake, bila kumwambia mtu walifuata nini, ni sehemu ya amani yenyewe, na tukiendelea kuicheka kama jambo la Kizungu hakuna kiongozi atakayeona haja ya kuturudishia.